Panga pangua ya mezani

Nyumbani kwetu tuna meza moja. Asubuhi ni ya chai, jioni ya madaftari ya watoto, na tangu mwezi uliopita imekuwa gereji. Nimeamua kugeuza umbo la mchemraba wa Rubik kwa mkono. Ule wa kawaida, tatu kwa tatu, ambao mtoto wa jirani, darasa la tano, anaumaliza huku anatafuna muwa. Nilitaka uwe kama ule wa Mwingereza Tony Fisher wa miaka ya 1980: mchemraba unabaki mchemraba, ila ngozi ya nje imezungushwa nyuzi 45 na mifupa ya ndani imeachwa ilipokuwa. Leo viwanda vya China vinautoa tayari, ndani ya boksi. Hilo nalijua, na kila anayepita mezani hunikumbusha.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, simu nimeizima kuokoa chaji, mara nasikia mezani watu wanaongea. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, isipokuwa matusi ya Msasa, ambayo nimeyapunguza makali.

*Usiku wa kwanza*

MCHEMRABA: Shikamoo, Mzee Tupa.

TUPA: Marahaba, mwanangu. Mbona leo umevimba?

MCHEMRABA: Nimepakwa, mzee. Jioni nzima napakwa. Mbavuni wamenibandika madonge, ndani wamenijaza madonge. Zamani nilikuwa nasikia hewa ikipita kwenye vipande vyangu. Sasa najiona kama sambusa.

PUTI: Hilo donge lina jina, baba. Mimi ni Puti. Muda si mrefu uliopita nilikuwa wawili, mweupe na mweusi, kila mmoja kwenye nailoni yake. Tukakandwa nusu kwa nusu mpaka tukawa rangi ya jivu. Na niseme mapema ili tuelewane: mimi ni kijana wa mabadiliko. Nikunje, nakunjika. Nivute, navutika. Mapendekezo yoyote napokea.

MSASA: Wote huanza hivyohivyo.

PUTI: Samahani, dada, unasemaje?

MSASA: Sijasema kitu. Kauka kwanza.

KIOO *(kutoka rafuni, ni mchemraba wa rangi ya fedha niliopewa zawadi)*: Jamani, mimi nasikitika tu. Mtu mzima anakaa usiku na tope mkononi, na sisi tupo. Mimi nimebuniwa na Mjapani, Hidetoshi Takeji, mwaka 2006. Sina hizo rangi sita za kitoto. Nina rangi moja, na vipande vyangu vinatofautiana unene. Nikichanganywa nakuwa kama mji wenye maghorofa. Nikipangwa narudi mchemraba, na uso wako unauona kwangu. Plastiki ilimiminwa kwenye kalibu ya chuma nikatoka mzima. Hakuna aliyenipaka kitu.

TUPA: Na ndani una nini?

KIOO: Ndani?

TUPA: Ndani. Nikikukata.

KIOO: Naomba tusifike huko.

BISIBISI: Mimi nimeshamfungua. Kwenye vipande ni hewa tupu. Kati kuna mhimili wa mikono sita, skrubu sita, springi sita. Sawasawa na huyu aliyevimba. Kona nane, kingo kumi na mbili, viini sita. Mkivuliwa nguo nyie ni ndugu wa tumbo moja.

KIOO: Bisibisi, wewe ni mtu wa kazi gani hasa? Kila nyumba unaingia, kila siri unatoa.

TUPA: Mwache. Na wewe Mchemraba usione vibaya kujazwa. Kipande kitupu ukikipiga tupa kinatoboka, unabaki na tundu mahali palipotakiwa kuwa na uso. Nimewaona wengi. Nje wanang'aa, gusa kidogo tu, mkono umetokea upande wa pili.

MCHEMRABA: Lakini mzee, mimi si mtu wa kujazwajazwa. Mimi nina ukoo. Babu yetu alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1974, mikononi mwa Ernő Rubik, mwalimu wa chuo cha sanaa. Wenyewe walimwita mchemraba wa ajabu. Mwaka 1980 kampuni ya Marekani ikampa jina la Rubik mwenyewe na kumtembeza dunia nzima. Mwaka 1982 kukawa na mashindano ya dunia hukohuko Budapest, kijana wa Marekani aitwaye Minh Thai akammaliza kwa sekunde 22.95. Halafu leo mimi napakwa tope mezani, pembeni ya sufuria ya maharage!

TUPA: Huyo babu yenu wa kwanza alitoka mashine gani?

MCHEMRABA: Babu?

TUPA: Ndiyo, babu.

MCHEMRABA: Alikuwa... alikuwa wa mbao.

TUPA: Mbao zilikatwa na nani?

MCHEMRABA: Na Rubik mwenyewe.

TUPA: Kwa mkono?

MCHEMRABA: Nadhani kwa mkono.

MSASA: Ubao haulainiki wenyewe, baba. Hapo nilikuwepo. Kama si mimi, basi shangazi yangu.

BISIBISI: Na nimesikia alianza kuvishikanisha vile vipande kwa mipira, ile ya kufungia noti. Ikakatika.

TUPA: Basi yaishe. Ukoo wenu umeanzia kwenye meza kama hii. Sufuria ya maharage ndiyo sina uhakika nayo.

PUTI: Samahani wazee, nina swali la kikazi. Kati ya kipande na kipande kuna kitu kinateleza. Nikitaka kumshika jirani nashindwa.

MSASA: Hayo ni mafuta ya mgando. Fundi ameyachota kwenye kopo la mtoto. Yamewekwa makusudi usishike mahali pasipo pako. Ukivuka mstari, safu haizunguki tena.

PUTI: Nashukuru kwa ufafanuzi. Lakini hapa kwenye kona ya nyuma hakuna mafuta.

MSASA: Hakuna?

PUTI: Hakuna. Hapa tumeshikana vizuri sana na jirani. Ushirikiano mzuri.

*(Kimya kirefu.)*

MSASA: Usimwambie mtu mpaka kupambazuke.

*Usiku wa tatu*

Naomba niingilie kidogo. Hiyo kona ya nyuma niliigundua siku ya pili. Vipande viwili vilikuwa vimeng'ang'aniana kama pacha. Yapo mafumbo yanayotengenezwa hivyo kwa kusudi, vipande vimeunganishwa ili baadhi ya mizunguko isiwezekane, na wapenzi wake huyaita ya bandeji. Shemeji yangu alipouliza nilimwambia huo ndio ubunifu wenyewe. Alivyoondoka nikachukua wembe nikautafuta mstari wa zamani kwa dakika arobaini. Haukupatikana wote.

Siku iliyofuata nikapiga tupa, kisha msasa namba 80, kisha 240, kisha 400 kwa maji. Mdomoni nilifunga khanga ya mama watoto, maana vumbi la puti si la kuvuta. Khanga hiyo sasa ni yangu.

MCHEMRABA: Mzee Tupa, sikusalimii.

TUPA: Nimeelewa. Uchungu.

MCHEMRABA: Nilizaliwa na milimita 57 kila upande. Leo nimesikia unga wangu ukimwagika sakafuni. Rula, hebu nipime. Nimebaki na ngapi?

RULA: Hamsini na saba.

MCHEMRABA: Pima tena.

RULA: Upande hamsini na saba, kimo hamsini na saba. Kama siku ulipoingia.

MCHEMRABA: Haiwezekani! Sasa kilichokatwa kimetoka wapi?

RULA: Kwenye pembe zako nne za wima umekatwa milimita 11.8 kuelekea ndani. Katikati ya mbavu zako nne umeongezwa milimita 11.8 kuelekea nje. Pembetatu nne zimeondoka, pembetatu nne zilezile kwa ukubwa zimewekwa kwingine. Hesabu imefunga. Mkaguzi akija atakuta jumla iko sawasawa, atakunywa soda, ataondoka.

MSASA: Hatauliza kakatwa nani?

RULA: Hilo haliko kwenye fomu yake.

MCHEMRABA: Kona zangu je? Kona zilizokuwa na mwili wa milimita 19!

RULA: Kila ubavu uliokatwa umebakiwa na ukuta wa milimita mbili na ushei. Kilichobaki ni Puti.

PUTI: Nafurahi nimetajwa. Kwa niaba yangu binafsi napenda kusema kazi imefanyika kwa weledi mkubwa.

MSASA: Heee! Sauti imebadilika. Juzi si ulikuwa kijana wa mabadiliko?

PUTI: Mabadiliko yamekamilika.

MSASA: Ulisema mapendekezo yoyote unapokea.

PUTI: Dirisha la mapendekezo limefungwa. Lilikuwa wazi saa moja na nusu hivi, na taarifa ilitolewa kwenye pakiti. Kwa sasa nina msimamo. Anayetaka kunibadilisha aje na tupa.

TUPA: Nimekuja nayo.

PUTI: Namaanisha kwa kufuata taratibu.

MCHEMRABA: Tuache hayo. Mimi kinachonitesa ni vyeo. Hivi mnajua nimefanyiwa nini? Hii ni panga pangua ambayo sijawahi kuisikia. Sikilizeni. Kingo zangu nne za juu na nne za chini, watu wa kati wasio na makuu, wameamka wamekuwa kona. Kona zangu nane, wakubwa wenye rangi tatu, wamekuwa kingo. Kingo nne za wima wamepelekwa katikati ya uso, wanaitwa viini. Na viini vinne vya mbavuni, ambao tangu mwaka 1974 hawakuwahi kutoka kwenye viti vyao, wamesukumwa kwenye pembe wawe kingo za wima!

BISIBISI: Hakuna aliyebaki?

MCHEMRABA: Wawili tu. Kiini cha juu kabisa na kiini cha chini kabisa.

MSASA: Kama kawaida. Wa juu kabisa hawezi kuguswa na wa chini kabisa hana pa kupelekwa.

BISIBISI: Mimi niseme nilichokiona nilipokuwa ndani. Vyeo vimebadilika, miguu haijabadilika. Yule aliyekuwa ukingo, sasa kona, bado ana mguu wa ukingo. Nje amevishwa rangi tatu na watu wanampisha njia. Ndani anajua kugeuka namna mbili tu, hivi au kinyume. Namna ya tatu hana, hajawahi kuwa nayo, na hakuna semina itakayompa.

TUPA: Na kona wa zamani?

BISIBISI: Huyo ndiyo msiba. Amekalia kiti cha rangi mbili na bado ana uwezo wa kugeuka namna tatu. Akikosea kidogo tu anatokeza bega nje ya ukuta, watu wanasema mtovu wa nidhamu. Kumbe nafasi ndogo.

KIOO: Kiwandani mambo kama haya hufanywa na kompyuta. Hakuna kelele.

BISIBISI: Kiwandani wamefanya hivihivi, bwana Kioo. Mhimili uleule. Kelele hukuzisikia kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye nailoni.

MCHEMRABA: Na viini vya mbavuni, je? Nawahurumia hao kuliko wote. Ni wazee wa ofisi.

BISIBISI: Usiwahurumie sana. Hao walikuwa na jambo lao. Kiini cha rangi moja kinaweza kujizungusha palepale robo, nusu, mzunguko mzima, na mtu akitazama anaona ni nyekundu tu, tulivu, yuko kazini. Miaka yote hiyo walikuwa wanazunguka na viti vyao na hakuna aliyejua. Sasa wamekuwa pembe zenye rangi mbili. Akigeuka robo anachomoza kama jino. Akigeuka nusu rangi zinapishana, kila mtu anaona.

MSASA: Kwa hiyo fundi wetu amewaumbua.

TUPA: Bila kukusudia. Alikuwa anatafuta urembo.

MSASA: Na wale kingo za wima walioletwa katikati?

BISIBISI: Kinyume chake. Zamani walikuwa na rangi mbili. Akisimama kichwa chini mtoto wa shule anamwona. Leo wamevaa rangi moja katikati ya uso, wamekaa kama mwenyekiti. Akigeuka juu chini hakuna anayejua.

TUPA: Ahaa. Kwa hiyo aliyekuwa anajificha ametolewa hadharani, na aliyekuwa hadharani amepewa mahali pa kujificha.

RULA: Jumla iko sawasawa.

MSASA: Rula, nyamaza.

*Usiku wa sita*

Nilipulizia rangi ya msingi, nikakata stika za rangi sita, nikabandika. Sitasema uongo: ulipendeza. Ni mzito kuliko ndugu zake na ukiuweka unaegemea upande mmoja kidogo kama mtu aliyeshiba, lakini ulipendeza. Watoto wakauchanganya. Hapo ndipo utaona ajabu yake, maana safu ikizunguka, umbo zima linavurugika. Ndani ya mizunguko mitano mezani palikuwa na kitu kama gari lililogonga mwembe. Nikakaa nao saa nne. Nilirudisha kila kipande isipokuwa kimoja. Kona moja ya juu ilisimama wima kama nundu, mengine yote shwari. Nikaamini nimekosea wakati wa kuunganisha, nikauacha, nikalala kwa hasira.

MCHEMRABA: Aibu gani hii. Nina mipangilio zaidi ya trilioni milioni 43, na mwaka 2010 wataalamu walithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna hata mmoja unaohitaji zaidi ya hatua 20 kurudi nyumbani. Ishirini!

RULA: Hizo ni hesabu za umbo lako la zamani.

MSASA: Na huyu bwana wetu ametumia saa nne na sigara mbili, na alisema ameacha.

KIOO: Mimi nina ushauri. Abandue stika. Watu wengi wa heshima wamefanya hivyo tangu miaka ya 1980.

TUPA: Nundu iliyosimama utaibandua stika gani, mwanangu? Hapa rangi haidanganyi. Umbo lenyewe limechomoza.

BISIBISI: Basi naitwa mimi. Nazungusha safu ya juu nyuzi 45, nachokonoa hiyo kona, inatoka kwa mlio mdogo tu, naigeuza kwa mkono, narudisha. Dakika moja. Hakuna atakayejua.

MSASA: Na kama alikosea kweli wakati wa kuunganisha?

BISIBISI: Inawezekana. Mchemraba wa kawaida ukiuvunja vipandevipande ukaurudisha ovyo, nafasi ya kupangika ni moja kati ya 12. Lakini huyu sikumrudisha ovyo. Nilikuwepo. Alirudi akiwa amepangika, kila mtu kwake.

TUPA: Sasa kama aliunganishwa sawa, hii kona imegeukaje peke yake?

BISIBISI: Haiwezi.

TUPA: Unasema?

BISIBISI: Haiwezi, mzee. Hiyo inaitwa kona, lakini nimeshasema mguu wake ni wa ukingo. Na kingo hawageuki mmoja mmoja. Zungusha usiku kucha, watageuka wawili, wanne, sita. Mmoja hapana. Ukimkamata mmoja, yuko mwenzake mahali.

MSASA: Mwenzake yuko wapi? Mbona wengine wote wametulia?

*(Wote wakageuka kuangalia viini vinne vipya vya mbavuni, waliokuwa kingo za wima. Vimetulia, kila kimoja na rangi yake, kama wajumbe kwenye picha ya pamoja.)*

TUPA: Wenyeviti.

MSASA: Loh!

BISIBISI: Mmoja wa hao wanne amesimama kichwa chini. Yuko shwari, rangi moja, anatabasamu. Huyu maskini wa juu ndiye nundu imemtoka.

MCHEMRABA: Basi tumshike! Nani kati yao?

BISIBISI: Hapo ndipo kazi. Kwa sura hawatofautiani na walivyokuwa. Mwenye kujua njia atachukua mmoja yeyote kati ya wanne, atamgeuza pamoja na huyu wa juu, na mambo yataonekana yamenyooka. Labda atakuwa amemgeuza yuleyule mkosaji. Labda atakuwa amemgeuza asiyehusika, wakabaki wawili kichwa chini. Kwa macho ni kitu kimoja.

KIOO: Basi tatizo liko wapi, kama kwa macho ni kitu kimoja?

TUPA: Nyamaza kidogo, mwanangu. Puti, wewe uko ndani ya wote wanne. Sema.

PUTI: Suala hilo liko kwenye uchunguzi na siwezi kulizungumzia kwa sasa. Nitatoa taarifa kwa wakati muafaka.

TUPA: Puti!

PUTI: Msimamo wangu unajulikana.

MSASA: Mwacheni, nitasema mimi. Siku ile ya tupa, upande wa bluu palibaki bonde. Fundi akakanda puti kidogo, akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba, halafu mama watoto akamwita chakula. Kikakauka hivyohivyo na kishimo. Nilipita na 240, nikapita na 400, kishimo kikanishinda, kimeingia ndani. Stika imelala juu yake lakini ukipapasa unakisikia. Na kilikuwa juu, karibu na mstari wa safu ya juu. Nakikumbuka maana kilinikwaruza.

RULA: Ngoja nipime. Upande wa bluu... kishimo kiko chini.

MSASA: Nimemaliza.

KIOO: Ndiyo maana mimi nasema kazi za mkono zina makovu. Kiwandani hakuna kishimo. Tunatoka laini.

TUPA: Laini kabisa. Kwenu huyu wa bluu angestaafu na kuagwa kwa sherehe.

MCHEMRABA: Jamani, nani atamwambia fundi?

BISIBISI: Anasikia. Tangu usiku wa kwanza hajalala, anajifanya anakoroma.

Kwa hiyo niliamka. Nilichukua tochi ya simu, nikapapasa viini vinne kwa kidole gumba, na kwenye bluu kidole kiliingia mahali pake, ila kimepinduka. Nikawageuza wote wawili kwa pamoja, huyo wa bluu na ile nundu ya juu. Kona ikalala.

Mchemraba uko mezani, kati ya thermosi na daftari la hisabati. Ukija kwetu karibu uuchanganye, ruhusa unayo. Nawa mikono kwanza, usije na mafuta ya chipsi kwenye stika zangu. Na ile kona ya nyuma ukiona imekaza, usiilazimishe. Hapo ni bandeji, na shemeji bado anaamini ni makusudi.